Watoto Waliokunja Vidole

Ninaitwa Esta. Nilizaliwa Chapwa, kwetu Unamwanga, nikaolewa Hasamba kwa Wanyiha, na sasa ninaishi Mpemba kwa mdogo wangu Elia, ambaye ni mwalimu wa shule ya misheni. Niliugua ukoma, nikapona. Ninalisema hilo mapema ili anayetaka kuweka karatasi hii chini na kunawa mikono afanye hivyo sasa, tusipotezeane muda.

Waliobaki, karibuni.

Kabla ya ugonjwa nilikuwa mke wa Yohana. Tulilima mahindi na ulezi, na nyuma ya nyumba Yohana alikuwa amepanda miche ya kahawa baada ya kuona walowezi wanavyoipata faida yake. Tulikuwa na mtoto mmoja, Sara, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaanza kutembea. Sikuwa mzuri wa sura wala mwimbaji kanisani. Sifa yangu ilikuwa moja tu: nilikuwa naipua chungu bila kitambaa.

Palipokuwa na arusi au msiba, wanawake waliniita. Chungu cha maharage kinachemka, moto umewaka kwelikweli, wenzangu wanahangaika kutafuta majani ya mgomba ya kushikia. Mimi nakishika kwa mikono mitupu, nakiweka chini, naendelea na mazungumzo. Mama mkwe alitamba nami mbele ya wageni.

"Huyu nimemtoa Unamwanga," alisema. "Kule wanazaliwa na mikono ya chuma."

Wanyiha wakajibu kwamba mikono ya Wanamwanga si ya chuma, ila akili yao huchelewa kupata habari za moto. Tukacheka wote. Nilijiona hodari. Kumbe hodari ni yule anayeungua akavumilia, na mimi sikuwa navumilia kitu.

Siku moja nilikuwa nachoma mahindi jikoni nikasikia harufu ya nyama. Nilidhani jirani amechinja. Nikamwambia Sara, "Leo wenzetu wanakula vizuri." Nilipotazama chini nikaona kidole changu kidogo kimelala juu ya kaa la moto. Ngozi ilikuwa imepasuka na mafuta yanachuruzika. Nilikiondoa taratibu, kama mtu anavyotoa kijiti kwenye unga. Hakikuuma. Hapo niliogopa, na hiyo ndiyo hofu ya mwisho ninayoikumbuka kwa miaka mingi.

Kidonda kikaanza kutoa usaha. Mama mkwe alinipaka dawa za majani, kikanuka zaidi. Kucha ikang'oka yenyewe nikiwa naosha bakuli, nikaiona inaelea. Masikio yangu yalikuwa yamenenepa, na kwenye mkono, juu ya kiwiko, palikuwa na baka lililopauka ambalo nililiona tangu nina mimba ya Sara nikalidharau kwa kuwa halikuniwasha. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sasa mimi sikuficha. Nilikuwa nayaonyesha maradhi arusini watu wakanipigia vigelegele.

Yohana akanipeleka kwa dresa, yaani yule msaidizi wa daktari anayefunga vidonda. Dresa alichukua chupa mbili ndogo, akazijaza maji, akaniambia nifumbe macho. Akanigusisha moja, kisha ya pili.

"Ipi ya moto?"

"Zote baridi," nikasema.

Akaigusisha ile ya kwanza kwenye mkono wa Yohana. Yohana akarusha mkono na kusimama. Hakukaa tena. Aliyoyasikia baadaye aliyasikia akiwa karibu na mlango.

"Mama, ni ukoma," dresa akasema. "Itakubidi ukakae kambini, misheni."

Safari ya kwenda kambini tulikwenda Yohana mbele, mimi nyuma, mbali kidogo. Alikuwa amenibebea mkeka na sufuria. Tulipofika kwenye kijito kabla ya kambi aliviweka juu ya jiwe, akasema, "Basi, Mama Sara." Nikasema, "Basi." Nilimwona akipanda kilima bila kugeuka. Nilisimama pale kungoja machozi. Hayakuja. Nikabeba mkeka nikavuka maji, na upande wa pili nikaona mguu unatoka damu, nimekanyaga kitu chenye ncha na sikujua ni saa ngapi.

Watu huniuliza kama nililia kwa ajili ya Sara. Nitasema kweli: sikulia. Ganzi ilianza mkononi ikanifika hadi ndani. Niliambiwa Yohana ameoa mke mwingine, nikauliza kama mahindi yamestawi. Niliambiwa Sara anamwita yule mke mama, nikaendelea kupepeta. Siyasemi haya ili nionekane mtu mbaya. Nayasema kwa kuwa kuna mgonjwa anayesoma hapa na anadhani amekuwa jiwe, na hakuna aliyemwambia kwamba hata hilo ni sehemu ya ugonjwa.

Kambini tulichomwa sindano za mafuta mazito matakoni. Zilivimba, zikatunga usaha, ikawa kukaa ni shida, tukala tumesimama. Niliishi kibanda kimoja na Nakamba, mwanamke aliyetoka ng'ambo ya mpaka, Rodeshia, ambaye pua yake ilikuwa imedidimia. Alikuwa na maneno mengi. Siku ya kwanza aliniambia, "Mayo, mama, usinitazame hivyo, pua yangu imetangulia mbinguni kuninusia njia." Sikucheka siku ile. Nilikuja kucheka baada ya mwaka.

Muuguzi wetu alikuwa Sista wa Kizungu, mwembamba, asiyejua kubembeleza. Kiswahili chake kilikuwa kifupi na chote cha amri. Alinishika kiganja akaniambia, "Mikono yako imelala. Macho yako hayajalala. Kila jioni tazama mikono. Kila kidole. Juu, chini, kati." Kisha kila wiki alipokuja kutufunga vidonda aliuliza, "Hiki umepata wapi? Na hiki?" Nikawa sijui. Mtu hawezi kukumbuka kidonda ambacho hakikumuuma. Alinikasirikia sana.

Ili kuepuka hasira zake nikaokota kaa jikoni, nikachora mkono wangu ukutani. Kila jioni nilipoona jeraha jipya niliweka alama penye kidole kile, na pembeni nikachora kilichonijeruhi: jembe, mfuniko wa sufuria, gunzi la moto. Sista alipokuja nilimwonyesha ukuta. Alitazama kwa muda mrefu. Akasema, "Kidole cha shahada umekosea. Si kirefu hivyo." Basi, hiyo ndiyo sifa niliyopewa.

Lakini alisema kweli. Nikautazama mkono wangu upya, nikafuta, nikachora tena. Kumbe nilikuwa nimeishi na mkono ule tangu kuzaliwa na sikuwahi kuutazama. Nilijua kazi zake, sura yake sikuijua. Nikachora ukiwa umefumba, ukiwa umeshika kikombe, ukiwa umelala juu ya goti. Kaa lenyewe sikulisikia mkononi. Nililibana kati ya shina la dole gumba na vidole vilivyoanza kukunjika, nikaliongoza kwa macho. Nikiukosea mstari, nauona. Ukuta ulipojaa nilitoka nje nikaendelea kwenye ukuta wa nyuma, na huko nje nilitumia udongo mweupe na mwekundu ule ambao mama zetu husiribia nyumba.

Sitasema nilifurahi. Furaha ilikuwa bado mbali. Nilichokiona ni kwamba mchana ulipita bila mimi kuusukuma.

Nakamba akataka naye achorwe. "Ila unipe pua yangu ya zamani," akasema. Nikajaribu, akakataa. Nikajaribu tena, akakataa, akasema hiyo ni pua ya Mnyiha. Nilimwambia mimi pua yako sikupata kuijua, nachora ninachokiona. Akainuka akaenda zake. Kesho yake akaja, akakaa juani akanigeuzia uso. "Haya," akasema, "chora hii hii." Nilimchora vile alivyo. Alipoona akasema macho yake yamebaki mazuri, na ilikuwa kweli.

Kisha nikajaribu kumchora Sara, nikashindwa. Nilikumbuka shingo yake kwa nyuma, na magoti yenye vumbi. Uso haukuja. Na hata kama ungekuja ungekuwa wa mtoto ambaye hayupo tena, maana yeye alikuwa anakua Hasamba. Niliweka kaa chini. Ndani ya kifua kitu kikaniuma. Kwa mtu wa kawaida ule ungekuwa uchungu mdogo. Mimi niliutazama kama mgeni aliyepiga hodi, nikamkaribisha.

Vita vya Hitla vilipokwisha, baada ya miaka kadhaa vikaja vidonge vipya. Mwanzoni vilinitia homa, vinundu vikanitoka usoni na mapajani, nikadhani ndiyo mwisho. Kisha vikanywea. Baka likaanza kuchukua rangi ya mwili. Vidonda vikafunga. Daktari alinipima, akakata vipande vidogo vya ngozi sikioni akavitazama kwa mashine yake, akarudia baada ya miezi, akarudia tena. Mwisho akasema, "Umepona, mama. Huwezi kumwambukiza mtu. Lakini vidole vilivyokatika havitarudi, na ganzi itabaki." Vidole vyangu vilivyosalia vilikuwa vimekunjika kama vya mtu aliyeshika mpini wa jembe.

Hasamba palikuwa na mke mwingine. Nikaenda Mpemba kwa Elia. Alinijengea chumba nyuma ya nyumba yake, na mkewe alinipa sahani yangu na kikombe changu, nikavielewa. Nilisiriba chumba, nikachora ukutani malori yanayokwenda Rodeshia, wanawake wenye mizigo, na mbuzi wa Elia aliyekuwa na tabia mbaya. Watoto wa shule wakawa wanachelewa vipindi kwa kusimama pale. Badala ya kuwachapa, Elia akaja kuniomba.

"Dada, vibao vya kuandikia havitoshi, na hakuna mwalimu anayejua kuchora. Wafundishe. Ukuta wa shule upo, ua upo, makaa yapo."

"Wazazi wao watasemaje?"

"Wataniuliza mimi," akasema. Elia alikuwa jasiri kabla mambo hayajafika.

Nikaanza. Niliwafundisha vile nilivyojifunza: kwanza utazame mkono wako, ndipo ushike kaa. Sikuwagusa. Nilichora, wakatazama, wakachora chini kwenye vumbi na kisha ukutani.

Na Sara alikuja. Elia alikuwa amemwomba Yohana amlete mpwa wake asome Mpemba, na Yohana akakubali. Mama mkwe naye alikubali kwa sharti kwamba mtoto asile sahani moja na mimi. Alikuwa msichana mrefu sasa. Alisimama mlangoni akanisalimu.

"Shikamoo, Mama Esta."

Mama Esta, kama jirani. "Marahaba," nikasema. Nilikuwa nimengoja miaka yote ile nimshike, nikaficha mikono ndani ya kanga. Daktari alisema siambukizi, na kichwa kilimwamini daktari. Mikono haikumwamini. Sara akaja kwenye somo na wenzake, akakaa mbele, akawa mchoraji hodari kuliko wote. Hatukusema mengi. Niliogopa kwamba nikimkaribia, Hasamba watamchukua tena. Hiyo ndiyo hofu ya pili ya maisha yangu, na nilimshukuru Mungu kwa kuwa ni hofu.

Basi jioni moja mfanyabiashara wa chumvi, baba yake mwanafunzi wangu Simoni, alimwona mwanawe anaandika herufi chini. Simoni alikuwa amekunja vidole vyote, kijiti amekibana kwenye shina la dole gumba. Baba akamwambia anyooshe mkono, mtoto akanyoosha, akaanza kuandika, vidole vikajikunja tena. Mzee yule hakulala vizuri. Asubuhi akapita nyumba za jirani, akakuta mtoto mwingine, na mwingine. Wote wamekunja vidole. Habari ikaenda: ukoma umeingia shuleni. Ikafika Hasamba, na mama mkwe akaja kwa miguu kumchukua Sara.

Wazazi walikusanyika uani pa shule. Elia alisimama katikati na ujasiri wake umepungua. Baba Simoni akamvuta mwanawe mbele.

"Nani amekukunja vidole?"

Simoni akawatazama watu wote, akashangaa swali. "Ndivyo kuchora kunavyoshikwa," akasema. "Mwalimu Esta anashika hivi."

Watoto wakaitikia ndiyo, ndivyo. Wakaonyesha. Mikono mizima ya watoto, yote imekunjwa kama mkono wangu, na kaa limekaa barabara. Walikuwa wamejifunza na ulemavu wangu wakidhani ni sehemu ya somo.

Elia akanigeukia. "Samaki mkunje angali mbichi, dada," akasema kwa sauti ya chini, "lakini wewe umewakunja kweli."

Watu wengine wakacheka. Mama mkwe hakucheka. "Mikono yake hii," akasema, "niliisifu mimi mwenyewe mbele za watu. Sidanganyiki mara mbili. Sara, chukua nguo zako."

Niliwaambia wangoje. Nilikuwa nimewaona madresa kambini wakipima watoto wa wagonjwa. Niliokota unyoya wa kuku pale uani, nikawaambia watoto wakae chini mstari mmoja, wafumbe macho na kunyoosha mikono. "Kila nitakapokugusa, useme nasikia." Nikaanza na Simoni. Nilikuwa nautazama unyoya, maana bila kuutazama nisingejua kama umefika. "Nasikia," akasema, akajikuna. Wa pili akacheka. Wa tatu akauliza mbona ni kama siafu. Wazazi wakasogea karibu, nyuso zikaanza kulegea.

Sara alikuwa wa mwisho. Alikuwa amefumba macho kabisa. Nikapitisha unyoya juu ya kiganja chake. Hakusema. Nikapitisha kwenye vidole. Kimya. Nikapitisha kifundoni, nikapanda taratibu hadi ndani ya kiwiko, mahali ambapo hata mtu aliyelala hushtuka. Kimya. Nikasikia mama mkwe anakaa chini. Miaka yote ambayo sikulia ikanijia mara moja. Nikaangusha unyoya. Nikaushika mkono wa mwanangu kwa mikono yangu yote miwili, mbele ya bibi yake na mbele ya kila mtu.

"Sara, husikii?"

Akafumbua macho. "Nasikia, mama. Nilisikia tangu mwanzo."

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka uendelee," akasema.

Nililia pale pale uani, kwa sauti, hadi kamasi. Mama mkwe alinitazama, kisha akainuka, akajifunga kanga upya na kusema kwamba amechoka na safari, atarudi Hasamba siku nyingine. Kuhusu nguo za Sara hakusema tena.

Si wazazi wote waliorudisha watoto. Baba Simoni alimrudisha wake baada ya mavuno, wengine hawakurudi, na siwalaumu. Ukoma ni neno zito. Waliobaki niliwafundisha kushika kaa kwa vidole vilivyonyooka, ambalo kwangu mimi lilikuwa somo gumu kufundisha, maana sikuweza kuwaonyesha.

Ninamshukuru Mungu, na daktari, na yule Sista asiyejua kubembeleza. Ninamshukuru Nakamba, ambaye alizikwa kambini na macho yake mazuri. Ewe mwenye baka lisilouma, usijivunie. Nenda ukapimwe kesho asubuhi. Nanyi wazazi mnaoniuliza kuchora kutamsaidia nini mtoto, mpeni kaa na ukuta. Mtoto aliyezoea kutazama mkono wake hataungua bila habari, na hatamwogopa mtu kabla ya kumtazama.

Siku hizi nikichoka Sara ndiye anayewafundisha wadogo. Vidole vyake ni vizima, virefu, vimenyooka kuliko vya baba yake. Nimemwambia mara nyingi ashike kaa kama watu. Anaitikia, ananyoosha, na akianza kuchora anavikunja.